Jiwe la Mfano wa Taifa

Nchi yenyewe msomaji asiitafute kwenye ramani. Ramani za nchi ile huchorwa na watu wa Kileleni, na kila wakifika Bondeni wino huwa umewaishia. Yatosha kujua kwamba ina kilima kimoja na bonde moja, kwamba wanaotawala hukaa kilimani na wanaotawaliwa bondeni, na kwamba Katiba yake inasema wazi, kwa herufi za dhahabu, kuwa kila mtoto wa Bondeni ana haki ya kupanda. Hakuna aliyekatazwa. Kilima hakina geti. Kina mtihani tu.

Na mtihani ulikuwa wa haki kupindukia. Maswali yale yale, siku ile ile, saa ile ile, kwa mtoto wa waziri na kwa mtoto wa mchoma mkaa. Hata kalamu zilikuwa za aina moja, zenye wino wa bluu wa Serikali, asije akatokea wa kusema kaonewa. Ulifanyika kila mwaka katikati ya masika, kwa kuwa waliopanga ratiba waliipanga wakiwa ndani, na mtu akiwa ndani mvua huisikia kama ngoma ya harusi ya jirani. Watoto wa Kileleni waliufanya chini ya paa la vigae. Watoto wa Shule ya Msingi Changarawe, kule Bondeni, waliufanya chini ya mbingu, wamekalia mawe, karatasi mapajani. Mvua ikishuka, wino wa Serikali ulitiririka mpaka magotini. Karatasi ziliwafikia wasahihishaji zimekuwa kama nguo zilizochuja, nao, watu waadilifu wale, waliandika juu ya kila moja neno moja tu: Haikusomeka. Isiyosomeka ilipata sifuri. Kisha Wizara ya Elimu na Upandaji ilitoa taarifa ya kusikitishwa na uvivu wa watoto wa Bondeni.

Katika historia yote ya Changarawe alikuwa amepanda mtoto mmoja. Jina lake Luhende.

Luhende alipofaulu alivalishwa viatu mbele ya umati, akapandishwa Kileleni, akasoma mpaka akamaliza alichoweza kusoma. Wizara ikamuuliza anataka kazi gani. Akasema ualimu. Wakubwa walicheka mpaka wakafuta machozi. Mtu kama yeye kwenda kushika chaki ilikuwa ni kuchezea mali ya umma. Wakamwajiri kuwa Mfano.

Cheo chake kamili kilikuwa Mfano wa Taifa, na kilikuwa na gari, dereva, na nyumba ya Serikali upande wa chini wa Kileleni, pale moshi wa majiko ya Bondeni unapoishia. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watoto wasiokula na kuwaambia, "Hata mimi nilikalia jiwe." Basi, kazi imekwisha, dereva awashe gari. Wazazi wakiomba madawati, analetwa Luhende. Wakiomba walimu, analetwa Luhende. Kijiji kimoja kiliomba choo. Kikaletewa Luhende, na tangu siku hiyo hakikuomba kitu tena.

Nalo jiwe alilolikalia halikuachwa hivi hivi. Lilipakwa chokaa, likazungushiwa mnyororo, likapewa mlinzi anayelipwa kuliko mwalimu mkuu. Ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi ya Shida za Kihistoria, chini ya Bwana Fungameza, mtu mwembamba, mnyoofu, asiyejua kukiuka sheria hata usingizini. Mamlaka ikatangaza kuwa uwanja mzima wa Changarawe ni urithi wa taifa, na ndani yake ni marufuku kuezeka, kufunika, kukinga, au kwa namna yoyote ile kuizuia mvua isifike mahali ilipozoea kufika. Hoja yao haikuwa na tundu. Kama jiwe na mvua vilimtoa Luhende, mwenye kuezeka shule alikuwa anaua akina Luhende wajao.

*

Wiki moja kabla ya Siku ya Mfano, dada yake Luhende alipanda Kileleni kwa miguu.

Nyamizi alikuwa muuza uji pale Changarawe, mwanamke wa maneno machache ambaye kila neno lake lilikuwa na makali. Alikataa kochi, akakaa kwenye kigoda alichokikuta jikoni, akafungua kanga na kutoa karanga.

"Kula. Za nyumbani. Siwezi kukaa sana, figa langu moja limepasuka, sufuria nimeiachia jirani."

"Ungepiga simu dada, ningemtuma dereva."

"Nimekuja kwa sababu simu unaikata."

Luhende akatafuna karanga.

"Mabati yetu yamekamatwa," Nyamizi akasema. "Wazazi tumejinyima tangu mavuno. Yamekaa juu siku moja tu, akaja yule Fungameza wako na askari. Yako kituoni, yamefungwa mnyororo, eti ni kielelezo. Na kituo chenyewe kinavuja, Luhende. Koplo Njile ananyeshewa huku amekalia mabati."

"Suala hilo liko kwenye mchakato, dada."

"Usinisemeshe hivyo. Mimi ndiye niliyekufundisha kusema."

Luhende akainamisha macho. Ilikuwa kweli. Kabla hajajua herufi moja, dada huyu alikuwa akimchorea mchangani kwa kijiti, akimpiga kofi kila akiruka mstari.

"Kabula anafanya mtihani baada ya sikukuu yenu," Nyamizi akaendelea. Kabula alikuwa bintiye, na kwa akili hakuna aliyemfikia pale shuleni. "Unajua anafanyaje mazoezi? Anajikunja. Ameniambia, mama, nimejifunza kuandika nimeinama, mgongo unakuwa paa. Mtoto amegeuka kobe. Nataka jambo moja tu. Waziri atakuwepo Siku ya Mfano. Mwambie aturudishie mabati kabla ya mtihani."

"Nitamwambiaje dada? Kazi yangu ni jiwe. Nikisema paa linahitajika, nimesema jiwe halifai. Nikisema jiwe halifai, mimi ni nani?"

"Ni Luhende."

"Luhende hana nyumba."

Nyamizi akakung'uta maganda ya karanga kwenye kanga yake, asiache uchafu katika jiko la Serikali.

"Mimi nilifanya mtihani mwaka mmoja kabla yako. Nilikuwa nakuzidi. Hilo unalijua."

"Nalijua."

"Nilimaliza maswali yote. Lilipobaki la mwisho ikashuka mvua. Wakaandika haikusomeka. Mwaka wako ulikuwaje?"

Luhende akageuza karanga moja kiganjani.

"Mwaka wako ulikuwa wa njaa," dada yake akamsaidia. "Mvua haikuonekana tangu vuli. Mbuzi wakafa, tukala mizizi, bibi tukamzika. Na siku ya mtihani jua likawaka. Karatasi yako ikabaki kavu kama ngozi ya ngoma. Hicho ndicho kilichokupandisha, mdogo wangu. Ulikalia jiwe lile lile nililolikalia mimi."

Akasimama, akajifunga kanga.

"Karanga zilizobaki mpe dereva," akasema, akaondoka.

*

Siku ya Mfano iliamka na anga safi kabisa. Barabara ya Bondeni ilimwagiwa maji ili vumbi lisiwapate wageni, nao akina mama waliochota maji hayo walipigwa picha kama wadau. Watoto wa Changarawe walipangwa kwenye mawe yao tangu asubuhi, wameambiwa watabasamu kwa kiasi, maana mtoto wa shida akicheka sana wafadhili huingiwa na shaka.

Waziri wa Elimu na Upandaji, Mheshimiwa Dakta Honorati, aliposhuka kwenye gari alikuta mabishano. Wasaidizi wake walikuwa wameleta turubai la kuwafunika wakubwa. Bwana Fungameza alikuwa amesimama mbele ya nguzo ya kwanza, mikono ameikunja kifuani.

"Kufunika ni marufuku," alikuwa akisema kwa upole.

"Ni turubai la Waziri, bwana."

"Kanuni haikutaja turubai la nani."

Wapiga picha wakageuza kamera. Waziri akatazama angani, hakuona wingu hata la dawa, akaona nafasi ya kuingia kwenye historia kwa bei nafuu. Akapaza sauti.

"Liondoeni. Katika nchi hii sheria haichagui. Kama watoto hawa wanakaa kwenye jua la mababu zao, mimi ni nani nijifiche?"

Makofi yakapigwa. Turubai likakunjwa na kurudishwa garini, na gari, kwa utaratibu wa itifaki, likarudi Kileleni.

Luhende aliketi kwenye jiwe lake lenye chokaa, ndani ya mnyororo, suti imembana. Kila mwaka aliketi hapo. Mbele yake, safu ya kwanza, alikaa Kabula, kiwiko kwenye goti, mgongo umejikunja ingawa hakukuwa na mvua wala karatasi. Mwili wake ulikuwa umeshazoea. Luhende akageuza shingo upande wa pili.

Waziri akaanza. Hotuba zake ziliandikwa kwa mkono, kwa wino ule ule wa bluu, kuonyesha kwamba hata yeye ni mtu wa kawaida.

"Ndugu zangu wa Bondeni," akasoma, "mimi nawaonea wivu. Msishangae. Mimi nilizaliwa nikakuta viti. Nilinyimwa jiwe. Nilinyimwa njaa. Usiku nikilala hujiuliza, ningefika wapi kama ningepata bahati mliyoipata ninyi?"

Mzee mmoja nyuma akamnong'oneza mwenzake, "Abadilishane basi, mimi niko tayari hata leo."

"Shida," Waziri akaendelea, "ni chuo kikuu kisichotoza ada. Serikali yenu imewekeza sana katika shida. Mwaka huu peke yake tumeongeza..."

Hapo ndipo tone la kwanza lilipoanguka.

Masika ya Bondeni hayabishi hodi. Wingu lilitokea nyuma ya kilima, likashuka lote kwa mara moja kama debe lililopinduliwa. Wasaidizi walitazama huku na huko wakitafuta turubai. Lilikuwa limeshafika Kileleni. Mmoja alifungua mwavuli. Bwana Fungameza, maji yakimchuruzika puani, akamshika mkono.

"Kukinga," akamkumbusha.

Waziri akaikaza miguu. Kamera bado zilikuwa zinamtazama. Akaifuta karatasi kwa kiganja, na hilo likawa kosa kubwa. Bluu ikaenea, ikashuka kwenye vidole, ikaingia ndani ya mkono wa shati.

"Tumeongeza... tumeongeza... idadi ya..." Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaigeuza, akaitazama kwa nyuma. Kipaza sauti kilikuwa kizima bado, kikamfikishia kila mtu aliyoyasema chini kwa chini: "Mbona haisomeki."

Watoto wote wa Changarawe waliinua vichwa. Neno lile walilijua.

Katikati ya umati, Nyamizi akaweka chini ndoo yake ya uji.

"Haisomeki, mheshimiwa?" akauliza, kwa heshima kabisa.

"Haisomeki, mama. Mvua."

"Pole sana. Basi ni sifuri. Itabidi urudie darasa."

Kicheko kilianza kwa watoto, kikapanda kwa wazazi, kikawapitia askari, na walioapa baadaye kwamba hawakucheka walikuwa wamegeuka nyuma na mabega yanatikisika. Waziri alisimama katikati yake, mikono ya bluu mpaka viwikoni, akatafuta kitu cha kumwokoa, na macho yake yakatua kwenye jiwe.

"Mfano wetu yuko hapa," akasema kwa haraka. "Yeye hahitaji karatasi. Simama, bwana Luhende. Waambie hawa wanaocheka ni nini kilichokupandisha."

Luhende akasimama. Sentensi yake aliijua kuliko jina lake. Alikuwa ameisema mbele ya kila shule isiyo na paa katika nchi ile, na shule zote hazikuwa na paa. Ilimjia yenyewe mpaka kwenye meno. Hata mimi nilikalia. Akamwona Kabula. Mtoto alikuwa amejikunja juu ya magoti, mikono mitupu, ameikinga mvua isiguse karatasi ambayo haipo. Hakuwa akicheka na wenzake. Alikuwa anapima kama mgongo wake unatosha.

Haukutosha. Maji yalikuwa yanapita ubavuni, yanafika magotini.

"Mwaka ule," Luhende akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe, "mvua haikunyesha."

Waziri akatabasamu akisubiri mengine.

"Ni hilo tu, mheshimiwa. Ulikuwa mwaka wa ukame. Karatasi yangu haikulowa. Dada yangu yule mwenye ndoo alikuwa na akili kuliko mimi, akakalia jiwe hili hili mwaka uliotangulia, akanyeshewa. Yeye anauza uji, mimi nina dereva. Jiwe halikufanya kitu. Jiwe ni jiwe. Warudishieni mabati yao."

Hakuna aliyepiga makofi. Mvua ilikuwa kubwa mno, na isitoshe watu wa Bondeni walikuwa hawajawahi kuhutubiwa jambo wanalolijua. Hawakuwa na hakika desturi inasemaje.

*

Serikali ile ilikuwa na sifa zake, na mojawapo ni kwamba haikukawia kuadhibu. Keshoye asubuhi Bwana Fungameza alifika kwenye nyumba ya Mfano, amevaa koti kavu.

"Mfano umekwisha muda wake," akamweleza, bila chuki. "Nyumba, gari na dereva vinarudi. Ila kuna suala la jiwe. Mamlaka imekesha ikilijadili. Serikali haiwezi kuhifadhi jiwe la mtu aliyelikana jiwe. Kwa hiyo umepewa kama kiinua mgongo."

"Jiwe?"

"Pamoja na chokaa yake."

Wakampakia nyuma ya gari la taka, wakapitia uwanjani kung'oa jiwe, wakawashusha wote wawili mbele ya kibanda cha Nyamizi. Mlinzi wa jiwe alisindikiza mpaka mwisho, akalia kidogo, akaenda kutafuta kibarua.

Lakini Bwana Fungameza alikuwa amebaki pale uwanjani, amesimama mbele ya shimo palipokuwa na jiwe, anafikiri. Nimesema mtu huyu hakujua kukiuka sheria. Bila jiwe hakuna urithi. Bila urithi hakuna eneo la urithi. Na bila eneo, marufuku inasimama wapi? Aliizungushia akili hoja hiyo, hakuona tundu. Akakunja mnyororo kwa mikono yake mwenyewe, akang'oa kibao, akawaaga watoto, akaondoka kwenda kuripoti kwamba amejifutia kazi.

Nyamizi hakusubiri jioni. Aliwachukua wazazi wenzake mpaka kituo cha polisi. Koplo Njile alikuwa amekaa pale pale, juu ya kielelezo, kofia imelowa.

"Koplo, marufuku imeondoka."

"Nimesikia."

"Sasa kosa liko wapi?"

Koplo akafikiri. Mwanawe wa tatu alikuwa Changarawe, jiwe la pili kutoka kwa Kabula.

"Kosa halipo. Yachukueni, mama, tena upesi, yananizibia mlango. Ila bati moja niachieni hapa juu ya meza. Siyo rushwa. Ni kwamba nami nanyeshewa."

Wakamwachia mawili.

Siku ya mtihani mvua ilinyesha kana kwamba imetumwa. Ilipiga bati kwa ngumi, ikatafuta upenyo, ikakosa, ikamwagika pembeni kwa hasira. Chini ya bati watoto walikaa kwenye mawe yao yale yale, maana madawati bado hayakuwapo, wakaandika. Luhende alisimama nje chini ya ukingo wa paa, amelowa nusu, akimtazama Kabula. Mwanzoni mtoto aliandika amejikunja kama alivyozoea. Baada ya swali la kwanza akainua kichwa, akatazama juu, akaliangalia bati kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mgongo.

*

Changarawe walifaulu kwa wingi mpaka shule ya Kileleni ikakosa vitanda. Wizara ilishtuka. Mtoto mmoja akifaulu ni fahari ya taifa. Wakifaulu wengi ni njama. Wizara ilimwita kwanza Kabula ikamuuliza, kwa maneno matamu, kama angekubali kuwa Mfano mpya, viatu na dereva vipo.

"Mfano wa nini," Kabula akauliza, "na tuko wengi hivi?"

Basi wakatuma wachunguzi wawili, wakafika Changarawe mvua ikiwa imechachamaa, wakakimbilia ndani ya darasa. Luhende alikuwa akifundisha hesabu. Wazazi walimlipa kwa mahindi, na alikuwa amekonda, na suti ilikuwa imekoma kumbana. Nyamizi alikuwa pembeni, chini ya ukingo wa paa, akipika uji wa mapumziko.

"Mama," mchunguzi wa kwanza akapiga kelele kuishinda mvua, "nani aliwapa watoto hawa majibu?"

Nyamizi akanyoosha kidole juu.

Wachunguzi wakatazama juu. Wakaona bati. Wakarudisha macho chini.

"Tunauliza nani aliwasaidia?"

Nyamizi akanyoosha kidole tena, akasema neno ambalo, kwa jinsi bati lilivyokuwa likinguruma, hakuna aliyelisikia. Wakasubiri mvua ipungue, haikupungua. Mchunguzi wa pili, aliyechoka kusubiri, akaandika: Chanzo hakijulikani. Na ripoti hiyo ndiyo iliyofika Kileleni, nayo ndiyo iliyowapandisha watoto, kwa sababu kwa kanuni zao wenyewe kisichojulikana chanzo hakiadhibiwi. Wakati wanafunzi wanapakia mizigo, Wizara ilikuja kusimika kibao mbele ya darasa kusema kwamba paa lile ni tunda la juhudi za Serikali.

Kabla ya kuondoka siku ile, wachunguzi waliomba uji. Nyamizi akawamiminia. Wakaupuliza, wakaunywa, wakasifu. Mchunguzi wa kwanza akakumbuka kitu.

"Nasikia hapa palikuwa na jiwe maarufu. Lile la Mfano wa Taifa. Tulisomeshwa habari zake utotoni. Liko wapi siku hizi?"

Nyamizi akainua kidogo sufuria. Chini yake mafiga mawili yalikuwa meusi ya zamani. La tatu lilikuwa na alama za chokaa, zinaanza kushika masizi.

"Lipo," akasema, akairudisha sufuria mahali pake. "Limepata kazi."